Kabla ya tuisheni, mpe mwanao usingizi

Matokeo ya muhula yakishuka, wazazi wengi hapa Dodoma hukimbilia tuisheni ya jioni. Mimi naona tunaanzia pabaya. Kijana anayelala saa 5 usiku na kuamka saa 11 alfajiri amepata saa sita, na wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Ukimwongezea masomo ya usiku unamkata usingizi, na ni usingizini ambamo ubongo huyapanga aliyosoma mchana yakakaa.

Piga hesabu ukirudi nyuma. Vipindi vinaanza saa 1:30 asubuhi. Mtoto anayetoka Nala au Ihumwa kuja mjini kwa daladala anaamka saa 11. Rudi nyuma saa nane: saa 3 usiku awe ameshalala, si ndiyo kwanza anatafuta shuka. Wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hadi 12, kwa hiyo yeye alale saa 2, taarifa ya habari inapoanza.

Kinachokwamisha mara nyingi ni sisi wakubwa. Ugali unaiva saa 3, kisha binti anaosha vyombo hadi saa 4 huku kaka yake ameshafungua daftari. Hilo ni dhuluma, tuliseme wazi. Chakula kiwe mezani saa 12:30 jioni, vyombo viende kwa zamu, wavulana wakiwemo, na sare na begi viandaliwe kabla ya kula. Kwenye mitaa ambako maji ya mgao hutoka usiku wa manane, kujaza madumu iwe kazi ya mtu mzima siku za shule. Na kama watoto wanalala sebuleni, televisheni izimwe wanapotandika. Kupunguza sauti hakutoshi, mwanga wenyewe unawaamsha.

Simu ikachajiwe chumbani kwa wazazi kuanzia saa 2. Akisema anaihitaji kwa kengele ya kuamka, mnunulie saa ya mezani. Chai ya rangi nayo ikomee alasiri: kwa mtu mzima kafeini, kile kilichomo kwenye chai kinachofukuza usingizi, huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, hivyo kikombe cha saa 1 jioni bado kinafanya kazi saa 6 usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu asiguse kabisa.

Wengi hushindwa kwa haraka. Ukimrudisha ghafla kutoka saa 5 hadi saa 3, atalala akihesabu mabati na wewe utasema haiwezekani. Wakati wa balehe homoni ya usingizi, melatonini, huchelewa kutoka, kwa hiyo anayekesha si lazima awe mkaidi. Rudisha dakika 15 kila baada ya siku tatu. Hatua nane, siku 24, umefika. Asubuhi mtoe nje apate jua mapema, hata Juni na Julai upepo unapouma, kwa sababu mwanga huo ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Jumamosi anaweza kuzidisha saa moja kitandani. Akilala hadi saa 6 mchana, Jumapili usiku hatapata usingizi na Jumatatu mnaanza upya. Usingizi wa mchana usizidi dakika 20 hadi 30, na uishe kabla ya saa 10 alasiri.

Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, bati hubaki na joto hadi usiku. Fungua madirisha jua likizama, watoto walale ndani ya chandarua, wajifunike kanga tu.

Ukifuata haya kwa mwezi mzima na bado anasinzia darasani, msikilize akiwa amelala. Anayekoroma kila usiku, pumzi ikikatika kisha akishtuka, huenda ana nyama za puani au mafindofindo makubwa. Huyo mpeleke hospitali, na umweleze daktari ulichosikia.