Paja la Kuku na Hesabu ya Bei ya Kutupa

Walaji wengi wa Ulaya na Marekani hupenda kidari cha kuku na hukilipia vizuri, kwa hiyo mapaja hubaki yakitafuta soko, nayo hugandishwa na kusafirishwa hadi nchi ambazo watu wake hupenda nyama yenye mfupa. Afrika Kusini ni mojawapo, na kwa zaidi ya miaka 20 serikali yake imekuwa ikichunguza kama mapaja hayo yanauzwa kwa bei ya kutupa, yaani chini ya bei ya huko yanakotoka.

Kisheria, urahisi wa bei peke yake si kosa. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995, unataka, kabla ya nchi kuweka ushuru wa kujikinga, ithibitishwe kwamba bidhaa inauzwa nje kwa bei iliyo chini ya ile ya sokoni kwao, kwamba wazalishaji wa nchi inayoipokea wameumia, na kwamba wameumizwa na bidhaa hiyo hasa, si na ukame, mgawo wa umeme au udhaifu wao wenyewe. Tofauti ya bei isipofika asilimia 2, uchunguzi hufungwa.

Ugumu mkubwa uko kwenye gharama, ambazo nazo huangaliwa katika kupima bei, kwa sababu hakuna mfugaji anayefuga paja. Ukigawa gharama za kuku mzima kwa uzito, paja hubeba sehemu kubwa na huonekana limeuzwa kwa hasara. Ukizigawa kwa thamani ambayo soko linaipa kila sehemu, kidari ndicho kinachobeba mzigo, na paja lilelile huonekana limeuzwa kihalali. Kwa kuwa njia ya kukokotoa inaweza kuamua kama ushuru utakuwepo au la, naamini kila serikali inawajibika kuieleza waziwazi kwa wafugaji na kwa walaji.

Desemba 2021 Afrika Kusini iliweka ushuru wa muda kwa kuku wenye mfupa kutoka Brazili, Denmark, Ireland, Poland na Hispania. Uchunguzi ulipokamilika na kuthibitisha malalamiko ya wafugaji, Ebrahim Patel, waziri wa biashara wa nchi hiyo wakati huo, aliahirisha ushuru wenyewe kwa miezi 12, kuanzia Agosti 2022, kwa sababu bei za vyakula zilikuwa zimepanda mno. Ulianza kutozwa Agosti 2023. Wafugaji waliumia kwa kucheleweshewa haki yao, nami nawaelewa. Hata hivyo uamuzi ule ulitolewa hadharani pamoja na sababu zake, na mtu aliweza kuupinga kwa hoja.

Huku kwetu tumezoea marufuku. Tanzania ilizuia kuku na vifaranga kutoka nje tangu mwaka 2006, na Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walichomwa moto Namanga, sababu iliyotajwa ikiwa ni hofu ya mafua ya ndege. Ugonjwa ni hoja nzito, lakini marufuku ya namna hiyo haimwambii mfugaji kama tatizo lake ni bei ya jirani au ni bei ya chakula cha kuku hapahapa nyumbani. Sheria za kuchunguza bei tunazo: Tanzania ilitunga yake mwaka 2004, na Kenya mwaka 2017.

Kinachokosekana ni kumbukumbu za gharama. Mkataba unataka ombi la uchunguzi liungwe mkono na wazalishaji wanaotoa angalau asilimia 25 ya bidhaa hiyo nchini, sharti ambalo kampuni chache kubwa za Afrika Kusini hulitimiza bila shida. Dada yangu anafuga kuku wa nyama Kibaha, na daftari lake lina idadi ya vifaranga, magunia ya chakula, waliokufa, na majina ya wanaodaiwa. Mkaa wa kupashia banda joto haumo, maranda hayamo, wala ujira wake mwenyewe, kwa hiyo hata yeye hajui kuku mmoja amemgharimu kiasi gani.

Mkataba huohuo unairuhusu serikali, katika mazingira maalumu, kuanzisha uchunguzi bila kusubiri ombi, mradi iwe na ushahidi wa kutosha. Ningependa maafisa mifugo, ambao tayari hupita mabandani kwa ajili ya chanjo, wapewe fomu moja ya gharama ya kujaza na mfugaji kila kundi la kuku linapouzwa, na mkaa na maranda viwe na mistari yake katika fomu hiyo.