Ukilelewa kanisani, kujivunia kazi yako kunakuwa shughuli

Wengi tuliokulia Moshi kwenye familia za kanisani, uwe Mlutheri uwe Mkatoliki, tunafanana kitu kimoja, ukitusifia tunatafuta pa kujificha. Mtu kamaliza chuo au kajenga, ukimpongeza anawahi kusema "ni Mungu tu jamani mi sijafanya chochote", ukimwambia si ulikuwa unakesha na vitabu anaona aibu.

Sasa malezi yenyewe hayakukosea kila kitu. Mithali 16:18 tuliikariri tukiwa wadogo, kiburi hutangulia uangamivu, na asiyeamini aje Desemba watu wakipanda kutoka Dar, Machame mpaka Rombo magari yanabanana kwenye vinjia vya migombani, mengine ya kukodi, mengine ya mkopo, halafu mbege, pombe yetu ya ndizi, ikishakolea ndo utajua nani anamdharau nani kwenye ukoo. Na ukweli mwingine ada za wengi wetu zilitoka kwenye kahawa ya babu iliyopelekwa KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, sasa unajisifuje peke yako?

Ila kuna kitu hakikai sawa. Ibada ikiisha tunatoka nje kwenye mnada wa sadaka, mkungu wa ndizi na jogoo, mzee fulani anapandisha bei mpaka watu wanapiga vigelegele, wiki nyingine yanasomwa majina ya waliochangia jengo kuanzia aliyetoa nyingi. Hapo hamna anayekemea majivuno. Kwa hiyo kujivunia ni dhambi mpaka uwe na hela? Mi naona unyenyekevu tumewabebesha zaidi wadogo, na hasa mabinti, maana kijana akijisifu wanasema anajiamini, dada yake akisema hivyo hivyo anaambiwa hataolewa.

Na gharama yake ipo. Binti anaitwa intavyu kwenye kampuni ya utalii Arusha, anaulizwa alifanya nini kazini kwake kwa zamani, anajibu "tulijitahidi kwa neema", wakati yeye ndo alikuwa anapanga safari zote za wageni na madereva wanampigia yeye saa nane usiku gari likikwama. Kazi anapewa mwingine aliyejua kujieleza, na sidhani kama Mungu kapata utukufu wowote hapo.

Cha ajabu Biblia yenyewe haikubani hivyo. Galatia 6:4 Paulo anasema mtu aipime kazi yake mwenyewe, ndipo awe na sababu ya kujisifu ndani yake, si kwa mwenzake. Hata yule Farisayo wa Luka 18 aliyejisifu kwenye sala kwamba anafunga, kinachomwangusha ni kumtolea macho mtoza ushuru, hakuna anayembishia kwamba alifunga kweli. Yaani kusema nimefanya hiki ni kitu kingine na kusema nimekuzidi ni kingine, sisi tulifundishwa kuviogopa vyote kwa pamoja. Mwalimu wa kipaimara angechukua Jumamosi moja tu kukaa na huo mstari wa Galatia, wale watoto wako kwenye umri ambao ndo wanaanza kuficha ripoti nzuri za shule wasije wakaambiwa wanaringa.