Bibi kizee si mchawi

Kuna mwandishi anayesema tamthilia za runinga na redio ni burudani tu, hazimbadilishi mtu. Hapana, ndugu yangu. Huku Tabora bibi mwenye macho mekundu akitokea tu kwenye runinga, muziki wa kutisha unaanza na watoto sebuleni wanapayuka "mchawi huyo!" kabla hajafungua mdomo. Macho yale ni moshi wa kuni, miaka nenda miaka rudi jikoni! Na vikongwe wa kanda hii wameuawa kwa tuhuma hizohizo. Lakini mchezo unaweza pia kujenga: mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza 1993, ulimtumia mhusika Mkwaju, dereva wa lori, kuonya kuhusu UKIMWI, na utafiti ulionyesha matumizi ya kondomu yaliongezeka. Watunzi, tuandikieni bibi anayelea wajukuu, asiyeroga mtu.