Ukimkaushia mbwa nyama jikoni, kiwanda ni wewe

Mbwa hana habari kama nyama imekaushwa au imechemshwa. Mkatie kipande cha moyo wa ng'ombe kilichotoka sufuriani, mpe na kingine kilichokaa saa nane kwenye mashine ya kukaushia, vyote vitashuka kooni kabla hujamaliza kumwambia "kaa". Tunaoitaka nyama kavu ni sisi. Haichafui mfuko wa suruali, hainuki ndani ya gari, haiharibiki kesho yake, na inamegeka vipande vidogo vya kumzawadia mbwa anapofundishwa. Naanza na hilo kwa sababu mjadala wa vitafunio vya nyama vya kujitengenezea huendeshwa kana kwamba tunachopigania ni afya ya mbwa tu, wakati nusu ya tunayobishania ni raha yetu wenye mbwa.

Wanaojitengenezea wana sababu ya kuviogopa vya dukani, na sababu yenyewe si ya kubuni. Kuanzia mwaka 2007, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilianza kupokea taarifa za mbwa walioumwa baada ya kula vipande vya nyama kavu vya kununua, hasa vya kuku, vingi vikiwa vimetoka China. Wengine walitapika na kuharisha, wengine walikunywa maji na kukojoa kupita kawaida. Hadi mwisho wa 2015 malalamiko yalikuwa yamefika kama 5,200, yakihusu mbwa zaidi ya 6,200, na zaidi ya 1,140 kati yao walikufa. Baadhi ya waliopimwa walikutwa na hali inayofanana na ugonjwa wa Fanconi, ambapo figo hushindwa kuirudisha sukari mwilini na kuimwaga kwenye mkojo, ilhali sukari ya kwenye damu iko sawa. Januari 2013, maabara ya jimbo la New York ilikuta mabaki ya antibiotiki kwenye baadhi ya bidhaa hizo na zikaondolewa sokoni. Hata hivyo mabaki hayo hayakutosha kueleza vifo, na FDA haikuwahi kutaja chanzo kimoja kilichothibitishwa.

Hapa kuna la kuangalia. Malalamiko ni malalamiko. Mbwa mzee aliyekufa kwa ugonjwa mwingine kabisa anaweza kuwa ndani ya hesabu hiyo. Ila ukiwa mtu wa kawaida mwenye mbwa mmoja, na uchunguzi wa miaka hauna jibu, kusema "basi nitakausha mwenyewe" si ushamba. Na ukikumbuka kwamba mwaka uleule wa 2007 chakula cha mbwa na paka cha chapa nyingi kiliondolewa madukani Amerika Kaskazini kwa sababu ya melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, iliyochanganywa kwenye unga wa protini ya ngano, unaelewa kwa nini imani iliyovunjika haijaunganika vizuri hadi leo.

Faida ya kujitengenezea ambayo mimi naikubali bila masharti ni moja: unajua ni nyama gani. Kwa mbwa mwenye mzio wa chakula hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Daktari wa mifugo akishuku mzio, humwekea mbwa mlo wa aina moja ya protini ambayo hajawahi kuila, kwa wiki nane hivi, na katika muda huo kitafunio kimoja chenye chembe za kuku kinaweza kuvuruga kazi yote. Lebo za dukani si za kutegemewa sana hapo. Vipimo vya maabara vimewahi kukuta nyama ambayo haikutajwa popote kwenye pakiti. Jikoni kwako, sungura ni sungura. Hakuna gliserini ya kulainisha, hakuna sukari, hakuna moshi wa chupa wa kutia ladha.

Lakini kujua nyama ni ya mnyama gani hakukuambii nyama hiyo ina nini ndani yake. Hilo ndilo linalosahaulika, na ndipo maelekezo mengi ya kukausha nyama yanapoyumba.

Mashine nyingi za nyumbani hukausha kwa joto la nyuzi 54 hadi 60 za Selsiasi. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama nyekundu ifikishwe nyuzi 71, na kuku nyuzi 74, kabla ya kuingia kwenye mashine. Kabla, si baada. Mtu anaweza kuuliza: saa nane kwenye nyuzi 60 hazitoshi? Tatizo ni jasho la nyama. Maji yanapotoka juu ya kipande huondoka na joto, kama ngozi yako inavyopoa ukitoka kuoga, kwa hiyo nyama yenyewe hubaki na joto la chini kuliko hewa inayoizunguka. Nyama inapofikia hatimaye joto la mashine, imeshakauka, na bakteria waliokaushwa taratibu huwa sugu kuliko walipokuwa kwenye unyevu. Joto ambalo lingewaua mapema sasa wanalistahimili. Ukavu hauwaui, unawalaza tu, na kipande kikilowa mate au maji, wanaamka.

Kwa hiyo utaratibu ni kuchemsha, kuoka au kupika kwa mvuke kwanza, kupima katikati ya kipande kwa kipimajoto cha nyama, ndipo ukaushe. Nyama iliyopikwa kwanza haitoki na ule ung'avu mwekundu mzuri. Huwa ya kijivu na humegeka zaidi. Wapenda picha hawataipenda. Mbwa hatalalamika.

Jibu linalotolewa mara nyingi hapa ni kwamba tumbo la mbwa ni gumu, lina asidi kali, na mababu zake walikula mizoga. Sehemu ya jibu hilo ni kweli, na ukweli wake ndio unaonitia wasiwasi. Mbwa anaweza kubeba salmonella, bakteria wa kuharisha, bila kuonyesha dalili yoyote, huku akiitoa kwenye kinyesi, kisha akaja kukuramba uso. Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa salmonella uliohusishwa na masikio ya nguruwe yaliyokaushwa kwa ajili ya mbwa. Waliohesabiwa walikuwa watu: 154, katika majimbo 34. Wengi wetu tunavishika vitafunio hivi kwa mkono mtupu, tunamwaga vingine kwenye bakuli lililo karibu na meza ya kulia, na kumpa mtoto ampe mbwa kwa sababu inafurahisha kutazama. Tukio hilo hutajwa kuwa hoja dhidi ya vya dukani. Mimi nalisoma kinyume: kama kiwanda chenye tanuri kubwa na mkaguzi kiliweza kukosea, sufuria yangu haina kinga ya pekee.

Wengine hugandisha nyama mbichi na kuamini wamemaliza kazi. Friza inaweza kuua baadhi ya vimelea ikiwa baridi yake ni kali na muda wake ni mrefu, lakini salmonella huvumilia. Na upo mnyoo mmoja unaostahili aya yake.

Mapafu hupendwa sana na wakaushaji kwa sababu yakikauka huwa mepesi kama sifongo, yanavunjika kwa vidole, na mafuta yake ni machache. Ni kitafunio kizuri kweli. Ila mapafu na maini ya kondoo, mbuzi au ng'ombe ndipo hukaa vifuko vya tegu mdogo aitwaye Echinococcus granulosus. Mbwa akila vifuko hivyo vikiwa vibichi, tegu hukomaa kwenye utumbo wake, na mayai hutoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya. Binadamu akiyameza, vifuko huota ndani yake, mara nyingi kwenye ini au mapafu, na vinaweza kukua kwa miaka bila yeye kujua. Wengine hujikuta kwenye chumba cha upasuaji. Mbwa mwenyewe huwa hana shida yoyote. Kwa sababu hiyo, kukausha mapafu mabichi kwenye joto dogo ni jambo ambalo silitetei hata kidogo. Yachemshwe hadi yaive kabisa, na ukikuta malengelenge yenye maji kwenye kiungo, kitupe mahali ambapo mbwa hatafika.

Maini nayo yana hadithi yake, ingawa ni ya kipimo zaidi kuliko vimelea. Gramu 100 za maini mabichi ya ng'ombe zina vitamini A karibu mikrogramu 5,000, tena zina shaba nyingi. Ukiyakausha maji yanatoka, na zile gramu 100 zinakuwa kama gramu 30, konzi moja tu. Vitamini A haitoki na maji. Mbwa anayepewa konzi hiyo kila siku, miezi na miezi, anaweza kuishia na maumivu ya mifupa na viungo. Na kwa mbwa wa jamii zinazolimbikiza shaba kwenye ini, kama Bedlington terrier na baadhi ya Labrador, maini ya kila siku ni wazo baya. Vipande vichache vya ukubwa wa punje ya njegere siku ya mafunzo, hakuna neno.

Hesabu hiyo ya ukavu ndiyo inayowaangusha wengi hata kwenye mnofu wa kawaida. Wataalamu wa lishe ya wanyama hushauri vitafunio visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Chukua mbwa mzima wa kilo 10 aliyehasiwa: kwa kanuni wanayotumia, mahitaji yake ni kama kalori 630 kwa siku, hivyo vitafunio ni 63. Hizo ni takriban gramu 50 za nyama mbichi isiyo na mafuta, au gramu 16 hivi ikishakauka. Gramu 16! Vipande vitatu vya urefu wa kidole na umemaliza posho ya siku. Nilipopima mara ya kwanza nilidhani mizani imeharibika.

Mengine nayapita haraka kwa kuwa hayana upande wa pili. Mafuta yaondolewe: hayakauki, huchacha, na mlo wenye mafuta mengi unaweza kuchochea uvimbe wa kongosho, hasa kwa mbwa waliowahi kuugua. Viungo vya kukolezea nyama kavu inayoliwa na watu visiguse ile ya mbwa. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu seli nyekundu za damu, na unga wake ni mkali kuliko kitunguu kibichi kwa sababu umekolea. Zailitoli, sukari ya bandia iliyomo kwenye baadhi ya siagi za karanga, hushusha sukari ya damu ya mbwa hata kwa kiasi cha gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wake. Mifupa iliyokaushwa hupasuka kwa ncha kali. Na nyama ya koo la ng'ombe inaweza kutoka na tezi ya thairoidi iliyoshikamana nayo. Homoni yake haiharibiwi kwa kupikwa, nayo humfanya mbwa akonde, ahahe na kunywa maji ovyo. Mwaka 2017 FDA ilitoa tahadhari kuhusu jambo hilo kwa bidhaa za viwandani, na kwa hapo mpishi wa nyumbani hana pa kujifichia: kiwanda angalau kina namba ya toleo na njia ya kuita mzigo urudi.

Namba hiyo ya toleo ndiyo hoja bora ya upande wa dukani, na husikika mara chache. Kampuni makini hupima unyevu uliobaki, huchukua sampuli za bakteria, na kitu kikiharibika inajua pakiti zipi zimeguswa. Anayejitengenezea ana macho, pua na kumbukumbu. Macho na pua havioni salmonella. Kwa mtu asiyetaka kununua kipimajoto, au anayeona kuchemsha kwanza ni usumbufu unaoharibu nyama, ushauri wangu ni anunue: kiambato kimoja, maelezo ya joto lililotumika, na mtengenezaji anayejibu akiulizwa.

Lakini swali la nyumbani au dukani linaruka njia ya tatu, nayo ni kuacha kukausha. Chemsha mnofu usio na chumvi hadi uive, ukate vidogo, utandaze kwenye sinia ugande, kisha uweke kwenye mfuko ndani ya friza. Unatoa vya siku hiyo tu. Umeshaua wadudu kwa joto, unajua ni nyama gani, na kwa kuwa maji yamo bado, ni vigumu kumzidishia mbwa kalori bila kujua. Hasara ni mfuko wa suruali, na kwa hilo kuna vipochi vya plastiki.

Mimi bado nakausha kidogo kwa ajili ya matembezi marefu. Toleo langu la pili nililiweka kwenye mkebe likiwa na uvuguvugu, nikaufunga, nikajisifu. Siku ya sita vipande vya chini vilikuwa na manyoya ya kijani. Nyama ya moto hupinda kama ngozi laini hata ikiwa haijakauka, na ukiipima hivyo inakudanganya. Iache ipoe kwanza, ikunje, ikipasuka bila kukatika na bila unyevu kujitokeza, imefika. Tangu hapo mkebe unakaa kwenye friza, na mbwa hula vipande vikiwa na barafu.