Vita vya mkopo, vita vya foleni

Hapa Columbus, Ohio, nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwenzangu wa zamu alikwenda Iraki mara mbili akiwa askari. Tukiingia dukani naye amevaa kofia ya kikosi chake, hakosi mtu wa kumshukuru kwa utumishi wake. Yeye hutikisa kichwa tu. Tukishatoka nje ananiambia, "Huyu hajui hata nilikwenda kufanya nini."

Mimi ni mtoto wa Bunazi, Tanzania, ng'ambo ya mto Kagera, jirani na mpaka wa Uganda. Majeshi ya Amin yalipoingia Oktoba 1978 nilikuwa na miaka minane, na nilivushwa mto mgongoni kwa dada yangu. Ng'ombe wetu walibaki wakaswagwa kwenda Uganda. Kwa hiyo kukaliwa na jeshi la watu wengine nakujua, ingawa kwetu kulidumu wiki chache tu. Na kukalia nchi ya watu nakujua pia, maana baada ya hapo sisi ndio tuliokwenda kwao. Hili la pili huwa tunalipitia haraka haraka.

Nilipofika Marekani mwaka 2007, mjadala ulikuwa mmoja: askari warudi, heshima ya nchi irudi. Bush mwenyewe akatia saini makubaliano na Baghdad mwishoni mwa 2008, na Desemba 2011 msafara wa mwisho ukavuka kuingia Kuwait. Watu wakapumua. Mwenzangu anasema siku hiyo alikuwa kazini anapakia maboksi na hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Hapo ndipo tunapotofautiana na hawa wenyeji wangu. Vita vya Iraki vilianza Machi 2003, na Mei mwaka huohuo rais alitia saini sheria ya kupunguza kodi. Yaani nchi imo vitani na mwananchi anarudishiwa chenji! Vilipiganwa kwa mkopo, na wale waliojitolea jeshini na familia zao, walio wachache, ndio waliovihisi. Sisi Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18, na miezi hiyo ikageuka miaka. Wanamgambo walichukuliwa vijijini, malori na mabasi ya watu yakabeba askari. Baadaye sukari ikawa ya foleni, sabuni ya foleni, mafuta ya taa ya foleni. Mama alifulia majani ya mpapai. Ukimuuliza mtu yeyote wa rika langu vita vilimgharimu nini, atakuhesabia kwa vidole.

Msomaji wa nyumbani asianze kuvimba kichwa lakini. Ukiweka Baghdad na Kampala pamoja utaona mambo yanayofanana kuliko tunavyopenda. Marekani ilimweka Paul Bremer aitawale Iraki, naye Mei 2003 akalivunja jeshi la Iraki, wanaume wakaenda nyumbani bila mshahara na bunduki wakiwa nazo. Juni 28, 2004 akawakabidhi Wairaki mamlaka siku mbili kabla ya tarehe iliyotangazwa, kimyakimya, akapanda ndege siku hiyohiyo. Askari walibaki miaka saba zaidi. Sisi tuliingia Kampala Aprili 11, 1979. Yusuf Lule, rais aliyemrithi Amin, alikaa madarakani siku 68 akaondolewa. Akaja Binaisa, naye Mei 1980 akaondolewa na Tume ya Kijeshi, jeshi letu likiwa palepale mjini na lisinyanyue mkono. Ukaja uchaguzi wa Desemba 1980 ambao walioshindwa hawakuukubali, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Mwaka huo ndio tukaondoka, nyuma yetu moto ukiwaka upya. Wamarekani nao walipoondoka, haikupita miaka mitatu mji wa Mosul, Iraki, ukaanguka mikononi mwa ISIS, wakarudi.

Tofauti ya sababu ipo, na sitaificha. Sisi tulivamiwa; Marekani ilikwenda kutafuta silaha ambazo hazikuwepo. Hata hivyo kule Monrovia Julai 1979, kwenye kikao cha OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, Rais Nimeiri wa Sudan alitusema mbele ya wakuu wenzake kwa kuvuka mpaka na kung'oa serikali. Nyumbani tulimwona mnafiki. Siku hizi naona swali lake lilikuwa halali, hata kama muulizaji hakuwa na usafi wa kuuliza.

Ndiyo maana nasema kurudisha askari ni sehemu iliyo rahisi. Ngumu ni kufungua daftari. Na kwa hili, nikiri, Marekani imenishangaza pande zote mbili. Picha za askari wao wakiwatesa wafungwa katika gereza la Abu Ghraib, Iraki, zilionyeshwa kwenye televisheni zao wenyewe mwaka 2004. Bunge la Seneti lilichapisha muhtasari wa ripoti yake kuhusu mateso yaliyofanywa na CIA, shirika lao la ujasusi, mwaka 2014. Mwaka 2009 wakamtoa Guantanamo, gereza lao la kijeshi kule Kuba, Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani, aliyeshtakiwa kwa mabomu ya balozi za Marekani ya Agosti 7, 1998 yaliyoua 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi, wakampeleka mahakama ya kiraia New York. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia zaidi ya mashtaka 280, likamtia hatiani kwa moja, akafungwa maisha. Nilifuatilia kesi ile nikasema, hii sasa ndiyo nchi wanayoisimulia. Kisha Bunge likakataza wafungwa wengine wa Guantanamo wasiletwe Marekani. Mkenya aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007 alikaa Guantanamo hadi Desemba 2024, bila kushtakiwa.

Sisi daftari letu hatulifungui kabisa. Tuna makaburi ya askari wetu kule Kaboya, tunapeleka mashada. Mutukula ya Uganda tuliyoisawazisha na nyumba za Masaka tulizozilipua, hizo hatuzitaji. Nakubali Waganda wengi walitupokea kama wakombozi, na neno hilo wamelihifadhi kwa heshima. Lakini neno zuri ulilopewa na mwenye nyumba halikuzuii kuhesabu vyombo ulivyovunja.

Juzi usiku, wazee wakiwa wamelala, mwenzangu aliniuliza tulikaa Uganda muda gani. Nikamwambia miaka miwili. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na mlirudi na nini?"

Mjomba wangu, mwanamgambo, alirudi na redio kaseti kubwa ya fedha yenye spika mbili. Kijiji kizima kilikuja kusikiliza. Ndani ya droo ya kaseti mlikuwa na kanda ya muziki wa Kiganda, na juu yake mtu ameandika jina la mwanamke kwa kalamu ya wino. Hatukumuuliza mjomba. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kununua betri.