Mtaa wa Gizenga Unahitaji Wanunuzi wa Nyumbani

Ukiizunguka Ngome Kongwe kwa nyuma, pale Mji Mkongwe wa Zanzibar, unaingia Mtaa wa Gizenga, na macho hayajui yatue wapi. Vikoi, mikoba ya kanga, vikapu vya ukili, masanduku ya njumu, pakiti za karafuu, na picha: ukutani, milangoni, hata barazani. Wageni hutembea humo taratibu. Sisi wenyeji tunakatiza mbiombio kuelekea soko la Darajani, na hilo ndilo linaloniuma.

Tazama picha zenyewe. Duka hadi duka ni twiga, simba, na Wamasai warefu mbele ya jua jekundu. Unguja haina twiga wala simba. Mchoraji simlaumu, anachora kinachonunuliwa, na mnunuzi wake ametoka Serengeti juzi. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji wa Tingatinga unaojaa maduka haya, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alipaka rangi za mafuta kwenye vipande vya ubao. Leo picha nyingi za mtindo wake ziko kwenye kitambaa, maana kitambaa hukunjwa kikaingia begini.

Kwa mchoraji mmoja, nyuma ya twiga, nilikuta picha ndogo ya wanawake wanaolima mwani: wameinama, maji ya magoti, kanga zimekazwa kiunoni, kamba zimenyooshwa kutoka kijiti hadi kijiti. Akaniambia zile haziuziki. Niliinunua. Iko sebuleni, na kila anayekuja kutoka Paje au Jambiani, vijiji vya wakulima wa mwani, husimama mbele yake, akaanza kusimulia mambo ya mamake.

Na msidhani mambo ya kwetu yanawafukuza wageni. Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kushinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa huko Uingereza, mwaka 2017, amechora picha zenye umbo la kanga, pamoja na maneno yake.

Migahawa ipo, mingine mizuri, lakini bei ni za kitalii na pizza imejaa kila menyu. Mimi ningependa kuona baraza moja tu ipewe muuza urojo: rojo la moto lenye uchachu wa embe, bajia, kachori, viazi, chatne ya nazi, na chipsi za muhogo zikivunjwavunjwa juu. Watu wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, wangekuja na watoto jioni, wakakaa. Na mtu akikaa na bakuli lake mbele ya duka la picha, atatazama, atauliza, atabishana bei kwa Kiswahili.

Harusi za Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, zikifika, kabla hujanunua seti nyingine ya glasi, pita Gizenga. Mtafute aliyeshika brashi mwenyewe, siyo muuzaji tu, umwagize picha ya kwenu: ngalawa ya babu, skuli uliyosoma, mlango wa nyumba ya bibi. Mpe na picha ya simu aifuatishe.