Akseleta ya Sand Hill

Kwa fundi gari wa Mbagala, akseleta ni kile kikanyagio cha mafuta. Kwa sisi tuliokuwa tunahangaika na kampuni changa Dar, akseleta ni programu ya miezi mitatu: wanakuchukua wewe na laptopu yako, wanakufundisha kuongea na wenye hela, wanakupa kamtaji, na wao wanabaki na kipande cha kampuni. Maana ya tatu nilikuja kuijulia getini, nimevaa suti.

Nilikuwa California kwa binamu yangu, na jamaa mmoja wa mfuko wa uwekezaji alikuwa amekubali kunipa nusu saa nimweleze programu yangu ya simu, ile ya mama lishe kuchangishana wanunue mchele na mafuta kwa bei ya jumla. Akaniandikia kwamba ofisi ya akseleta yao iko namba 3000, Sand Hill Road, Menlo Park. Usiku ule sikulala. Sand Hill ndiko walikohamia Kleiner Perkins, kampuni ya uwekezaji, mwaka 1972, na ndio hao waliokuwemo kwenye zile dola milioni 25 walizowekeza kwa Google mwaka 1999. Kichwani nilishajenga Posta mpya kabisa: maghorofa ya vioo, walinzi wenye suti kali kuliko yangu, lifti inayoongea.

Maelekezo ya binamu yalikuwa ya kibinamu: "Dogo, panda treni mpaka Palo Alto. Pale stesheni kuna basi la bure la Stanford. Mwambie dereva Sand Hill." Akaenda zake kazini.

Nikapanda. Suti niliinunua mtumbani Karume, na lebo ya ndani ina jina la duka la San Francisco, kwa hiyo kati yetu wawili, suti ndiyo iliyokuwa inarudi nyumbani. Ilikuwa Oktoba, joto, vilima vimekauka kama Dodoma kabla ya mvua. Nikawa natumbua macho dirishani nitafute maghorofa. Hakuna. Miti, miti tena, na vijumba vifupi vimejificha nyuma ya miti kama nyumba za mapadri. Binadamu pekee waliokuwa nje ni waendesha baiskeli wenye nguo za kubana. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi, mpaka nilipoona kibao: SLAC National Accelerator Laboratory.

Akseleta. Ya taifa! Nikajisemea, wenzetu wana akseleta ya taifa, sisi hata ya wilaya hatuna. Nikashuka.

"Shikamoo," ikanitoka kwa mazoea. Mlinzi akakunja uso, nikahamia Kiingereza. Nimekuja kwenye akseleta, nina miadi saa nne na nusu. Akauliza na nani, nikamtajia. Akapekua orodha yake juu mpaka chini. Hakuna.

"Idara gani?"

"Ya hela."

Akaitazama suti, kisha akanitazama mimi. "Bwana, hapa hela hatutoi. Tunazitumia."

Nikawa bado nabishana kwa adabu, ndipo akatokea mzee mmoja anakokota baiskeli, kitambulisho shingoni, kandambili juu ya soksi. Akauliza kwa upole wa babu: "Unataka kuharakisha nini, kijana?"

"Mama lishe," nikasema.

Akatafakari kweli, simlaumu. "Sisi tunaharakisha elektroni."

Ningeaga hapo hapo, lakini aibu ina mambo yake. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyekuja kwa ajili hiyo hiyo. Mzee akafurahi. Akanieleza kuna bomba limenyooka kilomita 3.2, lilikamilika mwaka 1966, linapita chini ya barabara kuu ya 280: juu magari, chini elektroni, mwendo unakaribia ule wa mwanga. Nikamwuliza, ili nisionekane mjinga, programu yao inachukua muda gani.

"Sehemu moja ya laki ya sekunde."

"Na zikimaliza?"

"Zamani tulikuwa tunazigongesha. Siku hizi nyingine tunazitikisa mpaka zitoe eksirei."

Nina rafiki yangu Sinza alipitia ile ya miezi mitatu. Maelezo ni yale yale.

Saa nne na dakika ishirini. Mzee akaninyooshea kidole juu mlimani: namba 3000 iko kule mbele, karibu na hiyo barabara ya 280. Bodaboda hakuna. Nikapanda kilima kwa viatu vipya, koti begani, jasho limeichora shati ramani ya Ziwa Victoria. Na 3000 yenyewe, kumbe ni majengo kadhaa yenye namba zake, ya chini, na vibao vyenye majina ni vidogo kama vya daktari wa meno. Nikaingia jengo lisilo langu, nikaelezwa. Nikaingia la pili, nikaambiwa niketi. Saa tano kasoro dakika tano.

Akatokea kijana mwenye kizibao, dakika tano mkononi. Badala ya kuulizia mama lishe akauliza kilichonichelewesha, nami kwa ujinga nikamsimulia. Akacheka mpaka akavua miwani. Anapita pale kila siku, akasema, na hajawahi kuingia. Hivi hilo bomba ni refu kiasi gani? Nikamweleza, na 1966, na eksirei. Alisikiliza vizuri mno. Muda ukaisha. Akanisindikiza mlangoni, akanipa maji ya chupa.

Jioni binamu akauliza, "Vipi dogo, akseleta umeipata?"

"Nimeipata."

"Kubwa?"

"Kilomita tatu na ushee."

Akaweka kijiko chini. "Hebu nyoosha maneno."

"Imenyooka yenyewe, kaka. Ndivyo walivyoijenga."